Jenga Lua Mwenyewe Kutoka Msimbo Chanzo

Anayetaka kujua lugha ya programu inavyojengwa aanze na Lua. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Msimbo wake wote, ukiwa umebanwa, haufiki megabaiti moja, hivyo hata mwenye bando dogo na kompyuta ya zamani anaimudu.

Maelezo haya ni ya Linux. Lua imeandikwa kwa lugha ya C, kwa hiyo lazima uwe na kompaila. Andika `gcc --version` uone kama unayo. Usipopata namba ya toleo, kwenye Ubuntu au Debian andika:

`sudo apt install build-essential`

Wengi hukwama hapa, wakadhani wamepakua faili bovu, kumbe kinachokosekana ni kompaila tu.

Pakua `lua-5.4.6.tar.gz` kutoka lua.org, kisha:

`tar zxf lua-5.4.6.tar.gz`
`cd lua-5.4.6`
`make all test`

Mistari itapita mbio kwenye skrini: karibu kila mmoja ni faili la C linalogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Ukiona mwishoni "Lua 5.4.6", imekubali. Amri ya `sudo make install` itaiweka ndani ya `/usr/local`.

Kwenye kompyuta ya chuo au ya ofisi huwa huna nywila ya msimamizi. Usikate tamaa, iweke kwenye folda yako:

`make install INSTALL_TOP=$HOME/lua`

Ila hapo pana mtego. Amri hiyo hunakili mafaili tu. Lua yenyewe itaendelea kutafuta maktaba zake `/usr/local`. Basi kabla ya kujenga, fungua `src/luaconf.h`, tafuta `LUA_ROOT`, uandike njia kamili ya folda yako, kwa mfano `"/home/asha/lua/"`, pamoja na mkwaju wa mwisho. Usiandike `$HOME` humo, maana C haiielewi. Kama ulishajenga, anza na `make clean` ndipo ujenge upya.

Sasa ijaribu:

`~/lua/bin/lua -e 'print("Habari")'`

Siku ukitaka kuiondoa, futa folda ya `lua`. Ile ya `/usr/local` huondolewa kwa `sudo make uninstall`, ukiwa ndani ya folda uliyojengea, kwa hiyo usiifute mapema.