Hodi ya usiku

Usiyemjua akibisha hodi usiku, mjibu kwa sauti huku komeo likiwa limefungwa: ni nani, katokea wapi, anamtafuta nani. Huo si uchoyo. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa na Caravanserai, mahali maalumu pa kupumzikia misafara kutoka bara. Na baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa nje, mgeni akaribishwe kabla hajavuka kizingiti. Utauliza, je, akiwa mgonjwa kweli? Basi anahitaji hospitali, si sebule yako. Washa taa ya nje, mpe maji kupitia dirisha, mpigie jirani na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye shida ya kweli hufarijika watu wakiongezeka. Akianza kusukuma mlango, wapigie polisi, 112.