Mtoto wa Mbwa Aliye Dhaifu: Jinsi ya Kumlea kwa Mkono

Mtoto wa mbwa azaliwapo, macho yake yamefumba, masikio yake yameziba, wala miguu yake haiwezi kumchukua. Ajua mambo mawili tu: kutafuta joto na kutafuta ziwa. Akiwa na nguvu, huyapata yote mawili kwa mama yake, na mwenye mbwa hana kazi. Lakini mara kwa mara mmoja huzaliwa mdogo kuliko nduguze, akasukumwa pembeni. Au mama hufa katika kuzaa, ama kwa nyoka, ama mtegoni. Hapo watu husema: «Mtupeni, huyo amekwisha kufa.» Mara nyingi neno hilo husemwa kwa haraka mno.

Katika vijiji vya misitu ya Ituri na Uele hasara hiyo si ndogo. Mbwa wa kuwinda wa huko, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, habweki kama mbwa wengine. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo kichakani. Jike lake kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka, na apotezaye watoto wa mwaka huu hungoja mwaka mwingine. Wazungu walimwita Basenji, neno lililotumiwa zamani kwa kuwadharau watu wa vijijini. Si jina la heshima, lakini ndilo lililobaki katika vitabu vyao. Wale wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Hata mwaka 1937 ndipo mbwa wa namna hiyo walipoonyeshwa London, watu wakaja kwa wingi kuwatazama. Basi mbwa huyu, aliye hodari msituni, katika siku zake za kwanza ni mnyonge kama wengine wote.

Swali: Mtoto aliyeachwa na mama yake hufa kwa nini kwanza, kwa njaa au kwa baridi?

Jibu: Kwa baridi. Katika juma la kwanza mwili wake hauwezi kujipatia joto la kutosha, wala hawezi kutetemeka kama mbwa mkubwa. Akipoa, moyo wake hupiga pole pole, tumbo lake husimama kufanya kazi, naye hulala kimya kama mfu. Mtu amwonaye hivi humhurumia, akammiminia maziwa. Huo ni wema unaoua! Maziwa yaingiapo katika tumbo lililopoa hayasagwi; hukaa humo na kuharibika, au hurudi kooni na kuingia mapafuni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: mtoto aliyepoa asipewe maziwa hata apate joto.

Joto lenyewe lirudishwe pole pole, kwa muda wa saa moja hata saa tatu. Njia iliyo bora haina gharama: kumweka ndani ya nguo, ngozi yake ikigusana na ngozi ya mtu, kama mama abebavyo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Asiwekwe karibu na moto. Moto humchoma upande mmoja na kumwacha baridi upande wa pili, na moshi humziba pumzi. Akiisha kupata joto, alazwe katika kikapu chenye vitambaa vikavu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Chupa iwe upande mmoja tu wa kikapu, ili mtoto akiona joto limezidi aweze kujivuta mbali. Mahali alalapo pawe na joto la digrii 29 hata 32 katika juma la kwanza. Baadaye lipunguzwe kidogo kidogo. Asiye na kipimo awatazame watoto wenyewe: wakirundikana na kulia, wana baridi, wakitawanyika na kuhema, wamezidiwa na joto, wakilala karibu karibu kwa utulivu, mambo ni mema. Maji ya chupa hupoa usiku wa manane, na chupa iliyopoa humnyang'anya mtoto joto lake. Mlezi hana budi kuamka na kuyabadili.

Ikiwa mama yu hai, usimwondoe mtoto kwake bila sababu. Maziwa ya siku ya kwanza yana kinga ya magonjwa, na tumbo la mtoto huweza kuipokea kinga hiyo katika saa za kwanza tu; baada ya siku moja mlango umefungwa. Basi wale wenye nguvu watolewe kwa muda kidogo, na yule mnyonge awekwe penye ziwa la nyuma, ambalo huwa na maziwa mengi. Na mama akiwa amekufa, ulizeni kijijini kama yuko jike jingine linyonyeshalo. Mtoto apakwe harufu ya watoto wa jike hilo kwa kufutwa na matandiko yao. Mara nyingi hupokewa. Hakuna chupa wala kijiko kipitacho ulimi na ziwa la mbwa.

Asipopatikana mlezi wa namna hiyo, ndipo mkono wa mtu uingie kazini. Maziwa ya mbwa ni mazito: mafuta yake na nguvu zake za kujenga mwili hupita mara mbili yale ya ng'ombe. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi peke yake hayamtoshi, na yakitiwa maji ni mabaya zaidi. Dukani mijini huuzwa unga wa maziwa uliotengenezwa kwa watoto wa mbwa, nao ndio unaofaa. Penye kukosa, kwa siku chache yafaa kikombe kimoja cha maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, viini viwili vya mayai bila ute wake, na kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya kula. Viini vitiwe maziwa yakiwa moto bado, vikorogwe, kisha vyote vipoe hata viwe na joto la mwili. Maziwa ya kopo yenye sukari yasitumiwe. Huleta kuhara, na kuhara humwua mtoto upesi.

Kiasi ni mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Mwenye gramu 200 apewe mililita 8, yaani vijiko viwili vidogo visivyojaa, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Atumie chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano, lililochemshwa. Na hapa walezi wengi hukosea, hasa wale waliozoea kulea watoto wa watu: humlaza chali. Mbwa hanyonyi chali. Alazwe kifudifudi, kichwa kikiinuliwa kidogo, naye avute mwenyewe, tone kwa tone. Maziwa yakitokea puani, acha mara moja. Kwanza mtie kidole safi kinywani: asipokivuta, hana nguvu za kunyonya. Apakwe matone ya maji ya sukari katika ufizi, apewe joto, ajaribiwe tena. Akizidi kukataa, apelekwe kwa mganga wa wanyama.

Kuna kazi nyingine ambayo mama huifanya kwa ulimi, na watu huisahau. Mtoto mchanga hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe. Kila baada ya kula, asuguliwe taratibu chini ya tumbo na nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, hata atoe haja. Kazi hiyo huendelea karibu majuma matatu. Wengi waliolishwa vema wamekufa kwa kukosa kitambaa hicho.

Apimwe kila siku katika mizani ya mwenye duka. Azidi kila siku. Akifikia siku ya kumi, uzito wa kuzaliwa uwe karibu umerudiwa. Asipozidi siku mbili, kuna ubaya.

Mlezi anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, kwa maana minyoo ya mbwa huwadhuru watoto wa watu. Dawa ya minyoo huanza katika juma la pili. Na kama mama alikufa akiwa na dalili za kichaa, watoto wake wasishikwe kwa mikono mitupu, aitwe mganga wa wanyama. Aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni dakika 15, akimbilie hospitali siku ile ile.

Macho hufumbuka kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, na masikio baadaye kidogo. Katika juma la tatu meno huanza kuota, na la nne aweza kulamba uji mwepesi wenye maziwa na nyama iliyopondwa. Tangu hapo aachwe acheze na mbwa wengine, maana aliyelelewa na watu peke yao hajui kipimo cha kuuma. Akipata majuma sita hata manane achanjwe sindano ya distempa, na akitimiza miezi mitatu, ile ya kichaa.