Taka ya Nyumbani ni Mali Iliyopotea

Wazazi wapenzi, itazameni taka kabla ya kuitupa. Ugali uliochacha, maganda, makaa yaliyoteketea bure: vyote vilinunuliwa kwa jasho.

Hasara huanzia jikoni. Maharage yasiyolowekwa usiku hukawia motoni, na sufuria isiyofunikwa hupoteza joto. Chakula kikiisha kuiva, makaa yaliyosalia na yatiwe, huko nje, katika chungu chenye kifuniko. Yakikosa hewa huzimika, na kesho yatawaka tena. Lakini yasiachwe kamwe yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua.

Maganda na masalio ya mboga si uchafu. Yachanganywe shimoni na majani makavu, yanyunyiziwe maji kidogo na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi michache yatakuwa mboji ya kustawisha bustani. Plastiki isitiwe humo, kwani haiozi.

Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019, zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Basi kikapu cha ukindu, walichokitumia bibi zetu, kina heshima yake tena.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alihesabu kupika kiasi kinacholika miongoni mwa matendo madogo ya kuitunza dunia. Matendo hayo watoto huyajifunza kwa kuyaona nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.