Bustani ya Shule ni Darasa, Siyo Adhabu

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shamba liwe sehemu ya masomo. Lakini katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Katika mafunzo yetu kwa walimu wa Kinondoni na Temeke tunaanzia hapo, kwani mtoto aliyezoea kuadhibiwa kwa jembe ni vigumu kuipenda bustani.

Tunashauri kuanza na tuta moja la mchicha, mita 5 kwa mita 1. Pasipo na nafasi, viroba vyenye udongo vinatosha.

Hesabu: wanafunzi wapime tuta na kutafuta eneo (mita za mraba 5) na mzingo (mita 12).

Sayansi: nusu ya tuta iwekwe samadi, nusu iachwe. Kila wiki wapime urefu wa miche.

Kiswahili: waandike walichokiona.

Darasa likiwa kubwa, kila kundi lipewe kazi yake. Mwalimu asiwahi kutoa jibu; aulize kwanza, "Kwa nini upande huu umestawi?"

Na aliyechelewa asipelekwe bustanini kulima peke yake. Aende pamoja na wenzake, akajifunze.