Kabla ya Krismasi, Kaeni Kikao

Mwezi wa Desemba ukifika, nyumba nyingi hapa nchini hushikwa na harakati. Nauli ya basi kutoka Nairobi kwenda magharibi hupanda siku baada ya siku mpaka mkesha wa sikukuu. Watoto wanadai nguo mpya. Wazazi mashambani wameanza kuuliza mtafika lini. Akina mama wanagawana akiba ya chama. Kisha Januari inaingia, na wazee wa jumuiya wanaitwa kupatanisha bwana na bibi waliogombana kwa sababu ya Krismasi.

Tuchukue mfano. Bwana ni mwalimu, na bibi yake anauza nguo sokoni. Bwana anapokea mshahara wa Desemba, na bila kumwambia mkewe anamtumia mama yake mzazi shilingi 10,000 kwa simu, anunue mbuzi wa sikukuu. Bibi naye amepata fungu lake la chama, shilingi 12,000. Kati ya hizo ameficha 7,000 ili awapelekee wazazi wake, kwa maana anajua kwamba akisema, ataambiwa kwao wanapewa kila mara. Hakuna aliyekunywa pesa hizo. Wote wawili wametoa, tena wametoa kwa wazazi, kama amri ya nne inavyotuagiza. Hata hivyo, shule zinapofunguliwa na karo kudaiwa, siri zote mbili zinatoka nje, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi.

Je, kosa liko wapi? Haliko katika kutoa. Kosa ni kwamba kila mmoja alitoa kama mseja.

Hapo yafaa turudi kwenye Krismasi ya kwanza kabisa, kwa sababu hata pale palikuwa na bwana na bibi, na ndoa yao ilikuwa karibu kuvunjika. Soma sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo. Kwa desturi ya Wayahudi wa siku zile, mwanamke aliyeposwa alihesabiwa kuwa mke tayari, ingawa alikuwa hajahamia kwa mumewe, na kuuvunja uchumba huo kulihitaji talaka. Wewe ambaye mahari imekwisha kutolewa lakini harusi ya kanisani bado, utaelewa uzito wa jambo hilo. Katika hali hiyo Yosefu akaona mchumba wake ni mjamzito, na mimba si yake.

Angeweza kumwaibisha mbele ya watu. Yeye aliamua kumwacha kwa siri, asije akadhurika. Na Mathayo anatueleza kwamba alikuwa angali akiyawaza hayo ndipo malaika alipomtokea katika ndoto. Angalieni utaratibu wake: alifikiri kwanza, tena akalala. Hakuita ukoo usiku ule ule. (Ni wangapi kati yetu wangepata usingizi?) Katika Injili zote nne hakuna hata neno moja lililoandikwa kuwa lilitoka kinywani mwa Yosefu. Tunaloambiwa ni kwamba aliamka, akamchukua mke wake nyumbani. Mamajusi walikuja baadaye na dhahabu, uvumba na manemane. Kabla yao, fundi huyu alikuwa amekwisha kutoa nyumba yake, jina lake na sifa yake kijijini. Hiyo ndiyo zawadi ya mume kwa mke ambayo Krismasi inatufundisha, na haina bei dukani.

Maria naye, asema Luka, aliyaweka moyoni mambo yote aliyoyaona na kusikia, akawa anayatafakari. Ndiyo kusema kwamba katika nyumba ile wote wawili walikuwa watu wa kufikiri kabla ya kutenda. Sisi huanza na kutenda, na kufikiri kunatujia Januari.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisoma haraka. Siku za utakaso zilipotimia, Yosefu na Maria walimpeleka Mtoto hekaluni Yerusalemu. Sheria, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, ilimtaka mama alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Asiyeweza kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili, hua au njiwa. Luka anataja ndege wawili tu. Wazazi wa Bwana walitoa sadaka ya maskini, mbele ya makuhani, mchana kweupe. Hawakukopa ili watu wasiseme.

Siku hizi mkopo wapatikana kwa simu kabla chai haijapoa, na ndiyo maana mfano huu unatuhusu sana. Mbuzi wa mkopo huliwa siku moja, lakini deni lake laweza kuwafuata mpaka karibu na Pasaka. Mume anayekopa ili aonekane mkubwa kijijini hajawapa wazazi wake kitu. Amewapa sehemu ya chakula cha watoto wake cha mwezi wa pili. Njiwa wawili waliokubaliwa na wawili ni bora zaidi.

Sasa tuje kwenye kikao chenyewe. Kanisa limetupa majuma ya Majilio kwa ajili ya matayarisho, lakini wengi wetu huyatumia kutayarisha safari na nguo. Chagueni jioni moja mapema, kabla mshahara wa Desemba haujaingia, kwa kuwa pesa zikiwa mfukoni masikio huziba. Ngojeni watoto walale. Zimeni televisheni na mweke simu mbali.

Msianze na pesa. Anzeni kwa kuulizana mwaka umekuwaje. Bwana amshukuru mkewe kwa jambo moja analolikumbuka waziwazi: usiku aliokesha na mtoto mgonjwa, au ule mwezi alioendesha nyumba kwa faida ya soko peke yake. Bibi naye afanye vivyo hivyo. Baadaye kila mmoja aombe radhi kwa jambo moja. Msilete orodha ya makosa ya mwenzako. Leta lako mwenyewe. Wenzi waliokwisha kusameheana jikoni huenda kwenye kitubio kabla ya Noeli wakiwa na moyo mwepesi, na wakipeana mkono wa amani katika Misa ya mkesha, mkono huo una maana.

Ndipo pesa zije mezani, zote, pamoja na zile za chama. Tengeni kwanza ya karo, kodi ya nyumba na unga wa Januari. Kinachobaki ndicho cha Krismasi, hata kama ni kidogo. Katika hicho, wazazi wa pande zote mbili wakumbukwe. Si lazima kiasi kiwe sawa, kwa sababu huenda upande mmoja kuna mgonjwa au mjane. Lakini kiwango kijulikane na wote wawili. Na hapa nina ushauri ambao waume wengine hawataupenda: zawadi ya wazazi wa mke ipelekwe na mume kwa mikono yake, na ile ya wazazi wa mume itolewe na mke. Mama mkwe akipokea blanketi kutoka kwa mkaza mwanawe, hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba mwanawe anazuiwa. Na baba mkwe atajua kwamba binti yake haibi ili awasaidie.

Baada ya hao, toeni kitu nje ya ukoo. Mapokeo ya Kanisa yasimulia kwamba Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika karne ya 4, alitupa mifuko ya dhahabu usiku katika nyumba ya baba maskini, ili mabinti zake watatu waweze kuolewa. Hakutaka kujulikana. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, wakati mzuri wa kuulizana: ni nani karibu nasi ambaye sikukuu itampita? Labda ni mama aliyejifungua lakini bado yuko hospitalini kwa sababu ya bili, au mlinzi wa usiku ambaye hatapewa likizo. Hapa watoto washirikishwe. Mtoto aliyechagua mwenyewe shati lake zuri la kumpa mwenzake amejifunza Noeli kuliko yule aliyenunuliwa mashati matatu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipotengeneza hori la Noeli kule Greccio mwaka 1223, alileta nyasi kavu, ng'ombe na punda ili watu waone kwa macho yao jinsi Mungu alivyozaliwa katika upungufu. Pango la udongo lililotengenezwa na watoto kwenye kona ya sebule laweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Ikiwa mmoja wenu anafanya kazi mbali, Mombasa au Ughaibuni, fanyeni kikao kwa simu. Ni bora kuliko kutumiana pesa bila maneno.

Na ikiwa mwenzako hataki kikao? Wako waume ambao wakisikia neno hilo huchukua koti na kuondoka, na wako wake ambao hununa siku tatu. Usimlazimishe, wala usilipize kwa kuficha zaidi. Anza wewe kuonyesha chako: "Baba watoto, nimepata fungu la chama, hiki hapa. Tukitumieje?" Huenda asijibu siku hiyo. Ikiwa mshahara unaishia kwenye pombe na watoto wanalala njaa, waendee wasimamizi wenu wa ndoa mapema, wala msingoje kugombana mbele ya wageni tarehe 25.

Maswali ya kuzungumzia ninyi wawili: Krismasi iliyopita, ni pesa gani zilitoka bila mmoja wenu kujua? Ni jambo gani la mwaka huu ambalo hujamshukuru mwenzako? Mwaka huu njiwa wenu wawili ni nini? Na ni siku gani bwana atapeleka zawadi kwa wakwe zake?