Ngiri Asiyekimbia Mbugani

Mhariri wetu aliponiomba makala ya jarida la chama mwaka huu, najua alitarajia nilete mashairi au hadithi ya sungura na fisi. Nimeleta ugonjwa. Msinune jamani, someni kwanza. Ninayo sababu, na sababu yenyewe inaishi ploti moja na sisi hapa Kitengela.

Tuanze na neno. Sisi wa Kajiado tukisikia "ngiri" tunamwona yule mnyama mwenye meno yaliyopinda, anayekimbia mkia umesimama wima kama antena ya redio. Upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi uliachwa bila ua ili wanyama wapite kuja nyanda zetu, kwa hiyo ngiri si mgeni huku. Basi jioni moja, nikiwa Kidato cha Pili, nilimsikia Mama akimnong'onezea jirani: "Shemeji yangu ana ngiri, lakini hataki kusema." Nilifurahi! Nilidhani Baba Mkubwa amemkamata mnyama na kumfungia mahali, nikaanza kujiuliza tutachinja lini.

Nilipofungua kamusi nikakuta maana mbili. Ya kwanza ni yule mnyama. Ya pili ni ugonjwa wa utumbo kutokeza kupitia mahali palipolegea katika ukuta wa tumbo. Watu wa pwani huuita pia mshipa, nalo neno hilo linaleta utata kwa sababu mshipa ni pia njia ya damu, na wengine hulitumia kwa busha, yaani maji kujaa kwenye mfuko wa korodani. Busha na ngiri si kitu kimoja ingawa kwa macho huweza kufanana. Hospitalini utasikia "henia" tu. Baba Mkubwa yeye hakutumia neno lolote kati ya hayo. Aliita "kale kakitu".

Baba Mkubwa ni mpakizi wa saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, na kwa siku moja hupanda na kushuka kwenye lori mara nyingi asizoweza kuhesabu. Mwezi wa Aprili mwaka huo nilimkuta nyuma ya nyumba amejiegemeza ukutani, mkono umekandamiza kinena. Alishtuka. Halafu, kwa kuwa nilikwisha kuona, akanionyesha: uvimbe ukubwa wa limau, laini, uliorudi ndani alipoubonyeza na kutokeza tena alipokohoa.

"Mwanangu," akaniambia, "hili ni jambo la wanaume. Halitoki hapa."

"Haya, Baba Mkubwa," nikasema. Na halikutoka. Nilinyamaza miezi mitano, nikijiona kijana mwaminifu sana.

Sasa niwaeleze nilichokuja kufundishwa baadaye na tabibu mmoja, maana ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza: "Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochanika ubavuni?" Nikasema ndiyo. "Ukijaza upepo, tyubu inafanyaje?" Inatokeza kama puto pale palipochanika. "Basi tairi ni misuli ya tumbo, na tyubu ni utumbo pamoja na utando unaoufunika. Ukikohoa, ukiinua mzigo, ukijikakamua chooni, unajaza upepo." Sijawahi kupata somo la Bayolojia fupi kuliko hilo (mwalimu wangu wa Bayolojia anisamehe).

Kwa nini basi kinena? Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mamake, korodani zake huumbika juu ndani ya tumbo, karibu na figo. Kabla ya kuzaliwa hushuka hadi mfukoni kwa kupitia kijia kilichomo kinenani. Kijia hicho kinapaswa kujifunga. Kwa wengine hakifungi, na mtoto huzaliwa na ngiri tayari. Kwa wengine kinafungwa lakini pale panabaki dhaifu kama kiraka, na miaka thelathini au hamsini baadaye panafumuka. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata wanaume zaidi: hukadiriwa kwamba karibu mwanamume mmoja kati ya wanne atapata ngiri ya kinena maishani mwake. Wanawake pia hupata, na mara nyingine yao hutokea chini kidogo, mwanzo wa paja, mahali penye upenyo mwembamba unaoweza kuubana utumbo upesi. Kwa hiyo lile neno la "jambo la wanaume" halikuwa kweli hata kidogo.

Kuna nyingine ambayo kila mmoja wetu ameiona: kitovu cha mtoto mchanga kilichotuna. Akina mama wengi hufunga sarafu juu yake kwa kitambaa. Sarafu haifanyi kazi yoyote isipokuwa kuchubua ngozi. Ngiri ya kitovu kwa mtoto kwa kawaida hujifunga yenyewe kabla hajatimiza miaka minne au mitano, na sarafu ndiyo huchukua sifa. Lakini ile ya kinena, hata kwa mtoto, haijifungi. Hiyo ni ya kupelekwa hospitali.

Baba Mkubwa hakwenda. Alinunua mshipi mpana sokoni, akawa anaufunga chini ya suruali kila asubuhi. Halafu akanunua dawa ya chupa, nyeusi, chungu, iliyosemekana inakaza mishipa. Sina ugomvi na mitishamba, nyanya yangu mwenyewe ametibu watu kikohozi. Lakini fikirini: dawa inywewe mdomoni ikashone tairi? Hakuna dawa ya kunywa, wala ya kupaka, wala ya sindano, inayoziba tundu katika ukuta wa tumbo la mtu mzima. Mshipi nao huzuia uvimbe usitokeze kwa muda, tundu likiendelea kupanuka chini yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeikariri methali hiyo tangu shule ya msingi, tena niliwahi kuitungia insha nikapata alama nzuri, na bado nilikuwa msaidizi wa kuyaficha.

Usiku wa Septemba nilisikia mlango ukigongwa. Baba Mkubwa alikuwa amejikunja sakafuni. Limau lilikuwa limekuwa embe, gumu, limebadilika rangi, na halikurudi ndani. Alikuwa ametapika tangu magharibi. Akajaribu kulisukuma, akapiga yowe ambalo sijalisahau. Hapo ndipo nilipomwambia Mama kila kitu, nikiwa nalia, miezi yote mitano kwa pumzi moja. Mama hakunigombeza. Alitoka nje na leso tu mabegani kutafuta gari.

Kilichotokea ni hiki. Utumbo ulipita kwenye tundu ukanaswa, na tundu likaubana kama shingo ya chupa. Kwanza chakula na hewa haviwezi kupita, ndipo mtu hutapika, tumbo hujaa, na hapati choo wala kutoa hewa. Kisha damu nayo inakatika. Utumbo usiopata damu huanza kufa baada ya saa chache. Ukifa hutoboka, uchafu ukamwagika tumboni, na hapo maisha yako mashakani. Kwa hiyo ukiona uvimbe uliokuwa ukirudi sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma, tena mgonjwa anatapika, usiusukume kwa nguvu, usimpe chakula wala kinywaji, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo.

Tulipofika, nikashangaa jinsi kazi ilivyokwenda haraka. Walimtia mpira puani hadi tumboni, wakamwekea maji ya mshipa, wakamweka sahihi, naye akaingizwa thieta akiwa amepewa nusukaputi. Daktari alituambia asubuhi kwamba walilazimika kukata kipande cha utumbo kilichokwisha kuwa cheusi na kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Nikamwuliza kipande chenyewe kilikuwa na urefu gani. Akaonyesha kwa mikono. Nilipofika nyumbani nikapima kwa rula: sentimita 15 hivi. Baba Mkubwa alilala hospitalini siku tisa.

Sasa linganisheni na ambavyo ingekuwa Aprili, wakati uvimbe ungali limau. Upasuaji wa ngiri isiyonaswa ni wa muda wa saa moja hivi. Wengi huchomwa ganzi ya uti wa mgongo au ya pale pale kinenani, wanazungumza na daktari huku kazi ikiendelea. Daktari anachana juu ya kinena, upana wa vidole vinne kama hivi, anautafuta ule mfuko wa utando, anaurudisha utumbo mahali pake, kisha anaimarisha ukuta. Mgonjwa wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Baada ya hapo hutembea, ila asiinue mizigo mizito kwa wiki kadhaa, kama atakavyoambiwa. Sitawadanganya kwamba hakuna taabu: kidonda chaweza kuingia vijidudu, na wachache hubaki na maumivu ya kinena kwa muda mrefu.

Hilo neno "anaimarisha ukuta" ndilo lina historia. Zamani madaktari walikuwa wakishona, na ngiri inarudi. Edoardo Bassini, Mwitalia wa mji wa Padua, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1880 njia ya kushona matabaka ya misuli upya kwa mpangilio. Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alipokuwa kijana mwaka 1867 alichomwa singe kinenani vitani. Ubaya wa kushona ni kwamba unavuta nyama mbili zilizoachana, na nyama zilizovutwa hutaka kuachana tena, kama suruali inayobana ukiishona pale pale ilipochanika. Ndipo Irving Lichtenstein na wenzake huko Marekani wakaeneza katika miaka ya 1980 njia ya kutovuta kabisa, bali kuweka wavu juu ya tundu. Hapa watoto wa mafundi wa mjengo mtanielewa upesi. Si mmeona waya wa wavu ukitandazwa ukutani kabla ya plasta? Saruji hupenya matundu ya waya, ikikauka vinakuwa kitu kimoja. Nyama nayo hukua ikapenya wavu.

Wavu huo hutengenezwa viwandani kwa plastiki, ya jamii ile ile inayofumiwa magunia. Taabu ni bei. Hapa ndipo majirani zetu wa Uganda wanaingia. Katika wilaya ya Kamuli, mashariki ya nchi hiyo, daktari Jenny Löfgren wa Uswidi pamoja na wenzake wa Uganda na Uswidi walifanya uchunguzi uliochapishwa Januari 2016. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakatiwa wavu wa kiwandani uliogharimu takriban dola 125, nusu wakatiwa kipande cha neti ya mbu kilichogharimu dola 1. Naam, neti ya mbu! Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la neti, na hakuna katika kundi la pili. Matatizo mengine yalikuwa karibu sawa. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa kabla yake India na Burkina Faso.

Tafadhali asitokee mtu akapeleka hospitali neti ya kitandani mwake. Ile ilikuwa neti isiyotiwa dawa ya kuua wadudu, ikakatwa na kuchemshwa kwa mvuke wenye joto kali hadi hakuna kijidudu kilichobaki. Nami hufurahishwa na kitu kimoja: kule pwani mbu ndio wanaosambaza vijidudu vya matende na busha, kwa hiyo neti ile ile humkinga mtu na "mshipa" mmoja na kumtibu mwingine.

Baba Mkubwa hakutiwa wavu wa aina yoyote usiku ule, maana penye utumbo uliokufa daktari huogopa kuacha kitu kigeni kwenye uchafu. Alishonwa tu. Haruhusiwi tena mifuko ya saruji. Sasa anauza maji kwa mkokoteni wa punda, naye punda ndiye anayevuta.

Niliposoma makala haya kwenye mkutano wa chama, wengine walicheka nilipofika kwenye korodani. Mkutano ulipoisha, mwanafunzi mmoja, simtaji hata kidato chake, alinifuata hadi kwenye mifereji ya maji. Akaniuliza, kwa niaba ya rafiki yake, kama ni kweli hospitalini watu huvuliwa nguo mbele ya kila mtu. Nikamwambia nilivyoona: kuna pazia, anaingia tabibu mmoja, unasimama, unateremsha suruali kidogo, unaambiwa ukohoe, unakohoa. Akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia basi. Akaniuliza tena kama Jumamosi wanafungua, nikamwambia twende wote tukaulize.