Mabomu Kumi Katika Visanduku 81: Maswali na Majibu Kuhusu Kupanga Kete kwa Nasibu

Swali: Programu ya mchezo inapotakiwa kuweka idadi maalumu ya kete kwa nasibu, inatakiwa kufanya nini hasa?

Jibu: Mfano ulio wazi ni Minesweeper, mchezo uliosambazwa pamoja na Windows 3.1 mwaka 1992, ambamo mchezaji hufungua visanduku vya ubao kimoja kimoja huku akikwepa mabomu yaliyofichwa chini yake. Katika ngazi ya wanaoanza, ubao wa matoleo ya baadaye una safu 9 za visanduku 9, yaani visanduku 81, na mabomu yake ni 10, wala hayawezi kuwa 9 au 11, kwa kuwa kihesabio kilicho juu ya ubao humtajia mchezaji idadi hiyo naye huitegemea katika kila hatua anayopiga. Programu basi ina masharti mawili: idadi itimie, na kila mpangilio unaowezekana uwe na nafasi sawa ya kutokea. Mipangilio hiyo ni 1,878,392,407,320. Sharti la kwanza likivunjwa mchezaji hugundua mapema au baadaye. La pili linaweza kuvunjwa kwa miaka mingi bila mtu kushtuka, na kwa hiyo ndilo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi.

Swali: Je, haitoshi kuiagiza kompyuta ichague kisanduku chochote mara kumi?

Jibu: Haitoshi, kwa sababu kila uchaguzi hufanyika bila kujali uliotangulia, na kisanduku kilichokwisha kupewa bomu kinaweza kuchaguliwa tena. Hesabu inaonyesha kwamba, katika visanduku 81, uwezekano wa chaguzi kumi kuangukia mahali kumi tofauti ni takriban asilimia 56 tu. Katika michezo mingine yote, karibu 44 kwa kila 100, ubao utapungukiwa na bomu moja au zaidi. Programu haitakwama wala kutoa onyo. Kihesabio kitaendelea kusoma 10 ilhali mabomu yaliyopo ni 9, na mchezaji makini atalitafuta bomu la mwisho mahali ambapo halipo.

Wapo wanaopita njia nyingine, ya kukipa kila kisanduku uwezekano wa 10 kwa 81 wa kuwa na bomu. Wastani wa njia hiyo ni mabomu 10 kweli, lakini wastani si ahadi: idadi hutimia kamili katika takriban michezo 13 kwa kila 100.

Swali: Vipi kuhusu kurudia uchaguzi pale kisanduku kinapokutwa na bomu tayari?

Jibu: Njia hiyo ni sahihi na ni ya haki, maana uchaguzi ulioangukia palipojaa ukitupwa, visanduku vilivyobaki wazi huendelea kuwa na nafasi sawa baina yao. Gharama yake hutegemea msongamano. Kwa mabomu 10 katika visanduku 81, chaguzi zinazohitajika ni kama 10.6 kwa wastani. Kwa ngazi ya juu yenye mabomu 99 katika visanduku 480, ni kama 111. Lakini kama ubao huo wote ungetakiwa kujazwa, chaguzi zingepita 3,200 kwa wastani, nyingi zikipotelea katika kuwinda visanduku vichache vya mwisho. Kete zinapozidi nusu ya nafasi, ni afadhali programu ichague nafasi za kuachwa wazi.

Swali: Ipo algoriti, yaani utaratibu wa hatua zinazojulikana tangu mwanzo, isiyotegemea kurudia?

Jibu: Zipo, na mashuhuri zaidi ina asili nje ya kompyuta. Ronald Fisher na Frank Yates, wanatakwimu wa Uingereza, waliieleza mwaka 1938 kama kazi ya kalamu na karatasi; Richard Durstenfeld akaitoa mwaka 1964 katika sura inayofaa kompyuta, na Donald Knuth akaieneza kupitia juzuu ya pili ya kitabu chake mwaka 1969. Visanduku huandikwa katika orodha kwa namba, kuanzia 0 hadi 80. Programu huchagua namba moja kati ya zote 81 na kuibadilishana mahali na iliyo mwisho wa orodha, kisha huchagua kati ya 80 zilizosalia na kuibadilishana na iliyo ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo. Anayechanga karata hana budi kufika mwisho wa orodha, lakini anayetafuta mahali pa mabomu 10 anaweza kusimama baada ya hatua ya kumi, kwani namba kumi za mwisho ndizo jibu.

Kosa linalojificha hapa ni kuchagua kati ya orodha nzima katika kila hatua badala ya kati ya zilizosalia. Kwa vitu 3, njia hiyo mbovu ina mifuatano 27 ya chaguzi yenye nafasi sawa, na mifuatano hiyo inapaswa kugawanywa kwa mipangilio 6. Ishirini na saba haigawanyiki kwa sita bila baki. Kwa hiyo mipangilio mingine hupata mifuatano 5 na mingine 4, na haki imekwisha kupotea.

Knuth alieleza pia njia inayopitia kila kisanduku mara moja tu, ambayo uzuri wake ni kwamba inaiponya ile njia ya 10 kwa 81 bila kuiacha. Kisanduku cha kwanza hupewa uwezekano wa 10 kwa 81. Kikipata bomu, cha pili hupewa 9 kwa 80, na kisipopata, 10 kwa 80. Mabomu yaliyosalia hugawanywa daima kwa visanduku vilivyosalia, na idadi hutimia bila kukosa.

Swali: Mchezaji akibofya bomu mara ya kwanza kabisa, programu ifanye nini?

Jibu: Matoleo ya zamani ya Windows yalimwepusha mchezaji na msiba huo kwa kulihamishia bomu kwenye pembe ya juu kushoto, au, kama pembe ina bomu tayari, kwenye nafasi wazi inayofuata. Nia ni njema, lakini matokeo yake yanahesabika. Mchezaji akianzia kwingine katika ubao wa visanduku 81, pembe hiyo huwa na bomu kwa uwezekano wa takriban asilimia 23, ilhali stahili yake ni 10 kwa 80, yaani asilimia 12.5. Mchezaji anayeijua siri hiyo ana faida ambayo wenzake hawana. Ufumbuzi ni rahisi: mabomu yasipangwe kabla ya mbofyo wa kwanza, kisha yapangwe katika visanduku 80 vilivyobaki.

Swali: Algoriti ikiwa sahihi, je, haki imekamilika?

Jibu: Bado, kwa kuwa namba nasibu za kompyuta kwa kawaida hutokana na hesabu inayoanzia kwenye namba moja iitwayo mbegu, na mbegu ileile huzaa mpangilio uleule. Mbegu yenye biti 32 inaweza kuwa na thamani 4,294,967,296 tofauti, hivyo haiwezi kufikia hata mpangilio mmoja kati ya kila 400 ya ubao wa visanduku 81. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba programu moja ya poka mtandaoni ilichukua mbegu yake kutoka kwenye saa, kwa kuhesabu milisekunde tangu usiku wa manane, ambazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Kwa kuona karata chache waliweza kuzibaini zilizosalia. Pale fedha zinapohusika, chanzo kiwe kile cha mfumo endeshi kilichotengenezwa kwa ajili ya usalama.

Swali: Mtayarishaji wa programu anawezaje kuikagua kazi yake?

Jibu: Kwa kuijaribu kwenye ubao mdogo unaohesabika. Kete 2 katika visanduku 4 zina mipangilio 6. Programu ikiendeshwa mara 60,000, kila mpangilio unatarajiwa kutokea kama mara 10,000, na tofauti ya 100 hivi, juu au chini, ni ya kawaida. Tofauti ikizidi 300, msimbo usomwe upya, kuanzia kwenye mstari unaotaja ukomo wa namba inayochaguliwa.